Bukari na vumbi kwenye barabara ya Kasumbalesa

Jumamosi nilikula kwa mama mmoja mwenye mgahawa mdogo, ukitoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa laini, haina mabonge, na sombe (majani ya muhogo) ilitwangwa ikatwangika, mawese ya kutosha. Hapo mama nampa alama zote. Shida ni vumbi. Kila kamioni ya shaba ikipita tunafunika sahani kwa mikono, kama kuku na vifaranga vyake. Jirani yangu wa meza aliliita chumvi ya mgodi. Tulicheka, halafu tukakohoa.

Samaki ni thomson, samaki wa baharini, wa barafu, wa ng'ambo. Nikauliza, "Mama, wa mtoni hakuna?" Akanionyesha ndoo za maji ya kununua. "Baba, maji ya mtoni hata sufuria siyaoshei."

Bei imepanda, na yeye analaumu makala, yaani mkaa: misitu ya miombo ya karibu imekatwa, gunia sasa linatoka mbali. Nchi yetu, Kongo, hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya betri, lakini umeme ulikatika mara mbili kabla sijanawa mikono.

Nitarudi, ila siku ya mvua. (Matope ni habari nyingine.)