Kopo la pili lisiloonekana: miezi mitatu na plagini ya "nunua moja, pata moja"

Hajati mmoja wa Koboko alinipigia simu kabla sijafungua duka. Salamu zake siku hiyo zilikuwa fupi. "Binti yangu, mimi na jirani yangu tumenunua kwako siku moja, bei moja. Yeye ameletewa makopo mawili, mimi moja. Nimekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikamwambia nitamrudia, nikafungua kompyuta kuitafuta oda yake. Kopo moja la mafuta ya moyao (yale ya kujipaka yatokanayo na mti wa shea), gramu 400, shilingi 25,000. Ofa ya nunua moja upate moja ilikuwa imewashwa tangu Ijumaa. Jirani yake naye alilipa shilingi 25,000 zile zile. Tofauti ni kwamba jirani alibonyeza kitufe cha kuweka kapuni mara mbili, Hajati mara moja. Basi.

Nauza mafuta ya moyao na sabuni hapa Arua, Uganda, na tangu mwaka jana nina duka la mtandaoni lililojengwa kwa WooCommerce, mfumo wa kuendesha maduka ya mtandaoni. Wenzangu wa biashara mnaotumia mfumo huo mnajua kwamba kuponi zinazokuja nao ni za aina tatu: punguzo la asilimia, punguzo la kiasi fulani kwa kapu zima, na punguzo la kiasi fulani kwa bidhaa. Nunua moja upate moja haimo, ukiitaka unaongeza plagini, yaani programu ndogo ya kupachika kwenye duka. Mimi nililipia mojawapo kwa mwaka mzima, na baada ya miezi mitatu nina ya kusema. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nimeshawaandikia wenyewe na wanaendelea kurekebisha, na nadhani haya yatakusaidia hata ukichagua nyingine.

Nianze na sokoni, maana ndiko nilikojifunza biashara. Ukinunua fungu la nyanya, hujaondoka mpaka useme, "Mama, nyongeza." Mkono wake unakwenda kwenye rundo, unachukua nyanya mbili, unaziweka juu ya zako. Hata Kampala ukisema ennyongeza kwa Kiganda, mama wa Nakasero anakuelewa palepale. Unachopewa unakiona kinatoka wapi na kinaingia wapi. Ukiona nyanya ya nyongeza imebonyea, unairudisha mbele ya macho yake naye anakubadilishia. Mteja wa mtandaoni hana mkono wa kuutazama. Plagini ya ofa kazi yake ni kuwa mkono huo, na mimi naipima kwa hilo tu: je, mteja ameona kopo la pili likiingia kapuni mwake kabla hajalipa?

Ilivyokuja, hii haikuwa ikimwonyesha. Kanuni ya ofa ilifanya kazi vizuri nyuma ya pazia: makopo mawili yakiwa kapuni, la pili linakuwa bure. Lakini la pili ilibidi mteja aliongeze mwenyewe, na ukurasa wa bidhaa haukumwambia neno. Hata ile lebo ya punguzo inayokaa kwenye pembe ya picha haikutokea, na nilihangaika siku mbili kujua kwa nini. Lebo ile WooCommerce huionyesha pale tu unapojaza bei ya punguzo kwenye bidhaa. Ofa ya nunua moja upate moja haibadilishi bei ya kopo, kwa hiyo kwa macho ya mfumo hakuna punguzo lolote. Duka langu lilikuwa na ofa ambayo niliijua mimi, ikaijua kompyuta, na wateja wachache waliobahatisha.

Dawa ilikuwemo ndani ya plagini, ila imefichwa kwenye kichupo cha tatu cha mipangilio, na inakuja ikiwa imezimwa: ongeza zawadi kapuni yenyewe. Nikaiwasha. Tangu hapo mteja akiweka kopo moja anaona yameingia mawili, na kwa bidhaa ya aina moja haijawahi kunikosea. Kwa hili peke yake nawapa heko. Lakini mipangilio inayoamua kama mteja atapata haki yake au hatapata, kwa nini ije imezimwa? Wateja kumi na tisa walilipia kopo moja wakapata moja katika siku zile. Nilimtumia kila mmoja kopo lake la pili kwa nauli yangu, Hajati wa kwanza.

Mnisamehe niingie kwenye hesabu kidogo, maana ndiyo sababu ya ukali wangu. Kopo moja, pamoja na kifungashio na lebo yake, linanigharimu shilingi 9,000. Nikiuza moja kwa 25,000 nabaki na 16,000. Nikitoa mawili kwa bei hiyo nabaki na 7,000. Ili nisishuke chini ya nilichokuwa nikipata, lazima wateja waongezeke zaidi ya mara mbili. Ofa ninayoitoa mteja akiwa hajaiona ni hasara tupu: aliyekuwa atanunua hata hivyo namgawia faida yangu, na ambaye angevutwa nayo amepita bila habari. Ofa ya namna hii ikijificha, heri usiitoe kabisa.

Lebo ya pembeni mwa picha, ukishaiwasha, inapendeza. Unachagua rangi na maneno mwenyewe. Tatizo lake ni kwamba kwenye kompyuta inakaa vizuri, kwenye simu inafunika nusu ya kopo. Wateja wangu karibu wote wanaingia kwa simu, na nyingi ni zile za kioo kidogo. Nikapunguza maneno hadi "1+1" pale kwenye picha, na maelezo kamili nikayashusha chini ya bei. Plagini inaruhusu hilo, na maelezo hayo hutokea juu ya kitufe cha kuweka kapuni, mahali ambapo kidole kinaelekea. Hapo ndipo mahali pake hasa. Mteja yupo katikati ya kuamua, bei ameiona, kidole kiko hewani.

Kuna pia bango kubwa la picha la kuweka juu ya duka zima. Nililijaribu wiki moja nikaliondoa. Intaneti ya bando hapa si ya kuchezea. Tulilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na ilipoondolewa 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Mtu anayehesabu megabaiti hasubiri bango lifunguke, anashuka chini kabla picha haijatokea. Mstari wa maandishi unafika kwanza na haumli kitu. Wenye plagini wanalisifia sana bango lao. Mimi nasema mstari mmoja wa maneno chini ya bei unalishinda.

Maneno yenyewe nayo yana kazi. Plagini ilikuja na sentensi ya Kiingereza, na tafsiri yake ya Kiswahili ilikuwa ya kuvunja moyo, ila unaweza kuifuta na kuandika yako. Niliandika kwanza "Nunua 1, pata 1 bure." Mke wa afande mmoja akanunua sita akitarajia sita nyingine, akapata moja, kwa sababu kanuni ilikuwa haijirudii. Alikuwa na haki kabisa, sentensi yangu ndiyo iliyomwambia hivyo. Sasa inasomeka: "Kila kopo 1 unalolipia, unaongezewa 1 bure. Bure zisizidi 3 kwa oda moja." Ndefu kidogo, lakini tangu niiweke hakuna aliyenipigia kuuliza.

Na saa! Hili liliniumiza kuliko nilivyotarajia. WordPress, ambayo WooCommerce inakaa juu yake, usipoibadilisha inafuata saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Nilipanga ofa iishe Jumapili saa sita usiku, ikaendelea mpaka Jumatatu saa tisa alfajiri. Hiyo ni juu yangu kurekebisha na nimeshafanya. Lakini plagini inaandika yenyewe "Ofa inaisha 12:00", na kwa msomaji wa Kiswahili 12:00 ni saa kumi na mbili. Watu waliharakisha kununua kabla ya jua kuzama, wengine wakaacha wakidhani wamechelewa. Nimezima mstari huo wa saa, nikaandika kwa maneno: "Mwisho Jumapili saa sita usiku."

Ofa ikiisha pia kuna shida. Duka langu linahifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka, na nakala hizo ziliendelea kubeba lebo ya 1+1 mpaka Jumatatu mchana. Mteja wa Kampala, kule Kisenyi, aliona lebo, akaweka kopo, akakuta kapuni moja tu. Plagini nzuri ingefuta nakala hizo yenyewe dakika ofa inapokwisha. Hii haifanyi hivyo, na maelezo yao hayataji jambo hilo popote. Sasa kila ofa ikiisha nafuta kwa mkono, nimejiwekea kengele kwenye simu.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya stoo. Kopo la bure nalo linahesabiwa kwenye stoo, kama inavyotakiwa. Lakini stoo ikibaki na kopo moja, lebo bado inasema 1+1, mteja anaweka kopo, na la bure halipo. Haambiwi lolote, kopo linakosekana kimyakimya. Mafuta haya hayatoki kiwandani. Yanatoka kwa kina mama wanaookota matunda msituni msimu wake ukifika, wakayapasua, wakayasaga, na miti yenyewe inakatwa kwa ajili ya mkaa. Siwezi kupiga simu nikaletewa makopo mia kesho asubuhi. Kwa hiyo kuishiwa kwangu ni jambo la kawaida, na ahadi inayobaki ukutani baada ya mzigo kwisha inanifanya nionekane mwongo. Nimeomba ofa ijizime stoo ikishuka chini ya mbili. Wamenijibu kwa adabu, bado sijaiona.

Malipo sina la kulalamika. MTN MoMo na Airtel Money vinapokea jumla sahihi, zawadi haiingizwi kwenye hesabu, risiti inaonyesha makopo yote mawili.

Mwezi uliopita Hajati alikuja Arua kumwona daktari, akapita dukani. Nilimkalisha, nikampa soda, nikamwomba anisaidie kitu: afungue duka langu kwa simu yake mwenyewe nami nitazame tu. Aliishika simu mbali na macho, kidole gumba kikapanda polepole. Picha ya kopo. Alama ya 1+1 hakuisoma, aliipita. Akafika kwenye bei, akasoma kwa sauti, "Kila kopo moja unalolipia, unaongezewa moja bure." Akanitazama. "Hii ndiyo nyongeza?" Nikamwambia ndiyo, Hajati. Akabonyeza. Kapu likafunguka na makopo mawili, moja chini ya jingine.

Nilifurahi mapema. Alisogeza simu karibu, akaweka ukucha kwenye mstari wa pili. "Hili limeandikwa sifuri. Limeharibika?"

Kumbe plagini inaandika kopo la bure "UGX 0", bila kuonyesha kwamba bei yake ni 25,000 na kwamba imefutwa. Kwa mtu aliyekulia kwenye msemo wa rahisi ghali, kitu chenye bei ya sifuri ni kitu cha kutiliwa shaka: kimekaa siku nyingi, kimeoza, kinaondolewa njiani. Nilimpa makopo mawili mkononi, nikamwonyesha tarehe ya kufungasha chini ya yote mawili. Alifungua la pili, akachota kidogo kwa kidole, akapaka mgongo wa mkono, akanusa. Akalifunga.

Nyota tatu kati ya tano. Kopo linaingia kapuni lenyewe, maneno naandika mwenyewe pale kidole kilipo, na msaada wao hujibu ndani ya siku mbili. Nyota mbili nimezizuia kwa ajili ya ile mipangilio inayokuja imezimwa, stoo, na hiyo sifuri, ambayo nimewaandikia wiki iliyopita nikiwaomba waweke 25,000 iliyokatwa mstari na neno "Bure" pembeni yake. Kwa sasa nimebandika sentensi yangu chini ya kapu: "Kopo la pili ni jipya kama la kwanza, tarehe ya kufungasha ni ile ile."