Uzoefu wangu wa kubadilisha fedha safarini: uwanja wa ndege, duka la mjini na ATM

Ukifika kwenye kaunta ya kubadilisha fedha, swali la kumuuliza karani ni moja tu: "Nikikupa noti hizi, nitaondoka na kiasi gani mkononi?" Habari ya kamisheni achana nayo. Nimebadilisha fedha kwenye viwanja vya ndege, maduka ya mjini, benki na hoteli za nchi mbalimbali, na tangazo ninaloliamini kidogo kuliko yote ni lile la "hatutozi kamisheni". Ni kweli hawatozi. Faida yao wanaipata kwenye pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na pengo hilo wanalipanga wenyewe.

Ubao huwa na safu mbili. "Kununua" ni bei ambayo duka linanunua dola au yuro zako. "Kuuza" ni bei ambayo duka linakuuzia wewe. Tuseme dola moja wanainunua kwa 95 za fedha ya nchi hiyo na kuiuza kwa 105. Bei ya katikati, ile unayoiona ukitafuta kwenye simu, itakuwa karibu na 100. Ukibadilisha dola 100 utapewa 9,500, na ukizirudisha hapohapo kununua dola, utapata dola 90 na senti. Karibu dola kumi zimeyeyuka na hujanunua hata maji. Ndiyo maana siingii foleni kabla ya kuangalia bei ya katikati, kisha nalinganisha na safu ya kununua.

Kaunta za uwanja wa ndege nazipa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni kwa sababu ziko wazi saa ambazo kwingine kumefungwa. Mteja wa pale amechoka, anahitaji nauli, na hana pa kwenda kulinganisha. Bei inapangwa kwa kulijua hilo. Moja ilinikera hasa. Ubao wake ulionyesha bei nzuri, lakini hesabu aliyoniandikia karani ilikuwa pungufu kabisa. Nilipouliza, akanionyesha maandishi madogo chini ya ubao: bei ile ni ya wanaobadilisha kiasi kikubwa. Nilichukua noti zangu nikaondoka, kwa kuwa nilikuwa sijasaini kitu. Siku hizi pale nabadilisha cha kunifikisha mjini, basi.

Maduka ya katikati ya mji, hasa mtaa wenye maduka kadhaa yanayotazamana, ndiyo yamenipa huduma bora. Ushindani unawabana, na unaweza kupita kwa miguu ukisoma mbao. Ila huko noti hukaguliwa kwelikweli. Karani mmoja alichukua dola 100 yangu, ile ya muundo uliotoka mwaka 2013, akaiinamisha mbele na nyuma akiutazama utepe wa buluu: kengele ndogo ndani yake hugeuka kuwa namba 100. Kisha akaangalia namba ya kona ya chini ikibadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani, akapitisha ukucha kwenye koti la Franklin, yule mtu mwenye picha kwenye noti hiyo, kusikia mikwaruzo ya chapa. Nilifurahi kumwona akifanya hivyo, maana anayekagua hivyo noti anazopokea hana tabia ya kutoa bandia.

Kuhusu hali ya noti, serikali ya Marekani inasema dola zake zote ni halali bila kujali mwaka zilipotolewa. Duka la kubadilisha fedha halilazimiki kukusikiliza. Noti ya muundo wa zamani, yenye mchaniko, muhuri au alama ya kalamu, inaweza kukataliwa au kupewa bei ya chini, na sehemu nyingi dola 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko dola 1, 5 au 10. Kabla ya safari naiomba benki noti safi, nazibeba zikiwa bapa bila kuzikunja.

ATM mara nyingi imenipa bei iliyo karibu zaidi na ile ya katikati, hata baada ya makato ya benki. Kuna sehemu moja tu ya kuwa macho: mashine inapokuuliza kama utozwe kwa fedha ya nchi yako. Inaonekana kama msaada, lakini ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya ubadilishaji, na huongeza faida yake. Kataa, chagua fedha ya nchi uliyopo. Muamala utaendelea kama kawaida. Swali hilohilo hutokea ukilipa kwa kadi dukani au mgahawani, na wakati mwingine mhudumu anakubonyezea mwenyewe. Mwombe akupe mashine uchague.

Mapokezi ya hoteli ni kwa dharura tu. Wanaobadilisha mtaani sijawahi kuwapa noti yangu, na sitawapa.

Fedha zinazobaki nazo zinataka mpango. Dinari ya Tunisia, kwa mfano, hairuhusiwi kutolewa nje ya nchi, kwa hiyo risiti za kubadilishia nazitunza mpaka siku ya kuondoka, kwani zinaweza kuhitajika ukitaka kurudishiwa fedha za kigeni. Pauni za karatasi za 20 na 50 ziliacha kutumika madukani Uingereza baada ya tarehe 30 Septemba 2022. Aliyezihifadhi kwa ajili ya safari ijayo anaweza kuzibadilisha Benki Kuu ya nchi hiyo. Sarafu ndizo ngumu zaidi, kwa sababu maduka mengi ya kubadilisha fedha hayazipokei kabisa. Mimi huanza kuzitumia siku mbili kabla ya kuondoka, na kwenye malipo ya mwisho namwomba keshia apokee sarafu zote kwanza, kiasi kinachobaki akate kwenye kadi.