Mfuko wa msaada wa matibabu ya wanyama: kwangu umefaa

Mimi sioni, na mbwa wangu mwongozaji ndiye macho yangu barabarani. Alipochanika kano ya goti la mguu wa nyuma, bima ilikataa kulipa kwa sababu aliwahi kuchechemea kabla hatujajiunga. Iliniuma sana. Daktari wake ndiye aliyenielekeza kwenye mfuko huu wa hisani.

Fomu ni fupi, na programu ya kusoma skrini iliisoma yote bila kukwama. Kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Wanataka makadirio ya gharama kutoka kwa daktari, uthibitisho wa kipato, na maelezo kuhusu uwezekano wa mnyama kupona. Pesa haipiti mkononi mwako, inakwenda moja kwa moja kliniki. Na tafadhali, omba kabla ya upasuaji, maana bili iliyokwisha kulipwa hawairudishi.

Hawakulipa yote. Salio kliniki ilikubali nilipe kwa awamu bila riba, na shirika lililomfundisha mbwa likachangia dawa. Kasoro ya mfuko ni simu yao: inaita tu, haipokelewi. Andika barua pepe, na uambatishe picha za eksirei mapema.