Uzoefu wangu wa kuazima vitabu vya maktaba kwenye Kobo

Ninaishi Kanada, na siku hizi vitabu vingi ninavyosoma huviazima kutoka maktaba ya umma ya mji wetu bila kutoka nyumbani. Ninatumia Kobo Clara, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki ambacho ndani yake tayari kuna OverDrive, huduma ambayo maktaba huitumia kuazimisha vitabu vya kielektroniki. Sikukichagua kwa kubahatisha: Kindle, kifaa cha kusomea cha Amazon, hupokea vitabu vya maktaba za Marekani tu, kwa hiyo aliyeko Kanada au Uingereza akiinunua ili aazime vitabu, haitamfaa kwa kazi hiyo hata iwe nzuri namna gani.

Maandalizi ni mepesi. Namba ya kadi ya maktaba na namba ya siri huingizwa mara moja, kisha mimi hupenda kuchagua kitabu kwenye simu kwa Libby, programu ya OverDrive ya kuazimia vitabu, na kifaa kikishapata Wi-Fi kitabu huingia chenyewe. Muda wa kuazima katika maktaba yetu ni hadi siku 21. Ukiisha, kitabu hujifunga, hivyo hakuna faini ya kuchelewesha. Skrini ya wino wa kielektroniki haichoshi macho kama ya simu, na mama yangu, ambaye herufi ndogo za vitabu vya karatasi zilikwisha kumshinda, amerudia kusoma kila usiku kwa sababu herufi hukuzwa apendavyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni foleni. Mtu hujiuliza kwa nini faili, ambalo lingeweza kunakiliwa bila mwisho, lisubiriwe kwa wiki kadhaa. Sababu ni leseni: kwa vitabu vingi maktaba huruhusiwa kuazimisha kila nakala kwa msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja, na leseni yenyewe mara nyingi ina kikomo. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliweka kikomo cha kuazimwa mara 26, na wachapishaji wengine huuza leseni ya miaka 2, kisha maktaba hulazimika kuinunua upya. Naona masharti haya ni mazito mno kwa taasisi inayoendeshwa kwa kodi za wananchi. Kwa kuwa ndiyo yaliyopo, mimi hurudisha kitabu mara tu nikikimaliza, maana kuna mwenzangu anayekisubiri. Na zamu yangu ikifika wakati nina vitabu vingine mkononi, huiahirisha kwenye Libby ili anayefuata akichukue bila mimi kupoteza nafasi yangu.

Kobo haipokei vitabu vya kusikiliza kutoka OverDrive. Hivyo husikilizwa kwenye simu. Na ndugu walioko nyumbani Afrika Mashariki ningewasihi wasinunue kifaa hiki kwa ajili ya kuazima kabla ya kuhakikisha kwamba huduma hiyo inapatikana nchini mwao na kwamba maktaba yao imejiunga nayo.

Linaloniuma ni uchache wa vitabu vya Kiswahili. Hadithi za watoto hupatikana kidogo, lakini riwaya za watu wazima ni adimu sana. Libby humruhusu msomaji kuweka alama kwenye kitabu ambacho maktaba haina, na wakutubi huona ni vitabu gani vinahitajika. Ninawaomba Waswahili wenzangu wa huku tuitumie nafasi hiyo, kwa sababu mkutubi hawezi kuomba fedha za kununulia vitabu ambavyo hakuna aliyeonyesha kuvihitaji.