Betri za basi lililogeuzwa nyumba: risasi au lithiamu?

Betri ya risasi ya Ah 200 (saa-ampea, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) haikupi 200. Ukiishusha chini ya nusu kila mara inazeeka upesi, kwa hiyo hesabu 100 tu. Lithiamu ya fosfeti ya chuma ya Ah 200 hizo hizo itakupa 160 au zaidi, kwa uzito mdogo sana, wala haidai zile saa ndefu za kumalizia chaji ambazo sola ya juu ya basi mara nyingi haizifikishi.

Risasi ni rahisi kununua na haisumbui alteneta, yaani kifaa cha injini kinachozalisha umeme. Lithiamu huvuta umeme mwingi hadi alteneta ichemke. Weka chaja ya DC kwa DC, inayopunguza umeme unaovutwa, katikati ya alteneta na betri. Tena lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Anayeishi ndani ya basi, ningemwambia lithiamu. Wa safari mbili kwa mwaka, risasi inamtosha.