Nobu ya gia yenye taa: umbo zuri, waya dhaifu

Nobu za gia zenye taa zinazouzwa kama "za gari lolote" zinafanana sana: kibonge cha alumini au akriliki, LED moja hadi tatu chini ya kifuniko chenye mchoro wa gia, nyaya mbili nyembamba, bushi kadhaa za plastiki za kuvalisha kwenye liva, na skrubu tatu ndogo za kukaza kwa alenki (ufunguo wa pembe sita). Mshiko wake ni mzuri, na mwanga unatosha kuonyesha namba za gia usiku. Kinachoiangusha bidhaa hii ni waya. Nobu ikizimika, shuku waya kabla ya kushuku taa, na usiitupe kabla hujaupima.

Madhara huanza siku ya kufunga. Nobu yenye hesi ndani lazima izungushwe, na waya husokoteka pamoja nayo. Hesi ya M10x1.5, yaani kipenyo cha milimita 10 na mwendo wa milimita 1.5 kwa kila mzunguko (Honda nyingi), yenye kina cha milimita 15 huhitaji mizunguko 10, ya M12x1.25 (Toyota na Subaru nyingi) huhitaji 12. Waya mwembamba ukisokotwa mara 12 huku mwisho wake umeshikwa kwenye konsoli (sanduku la katikati ya viti vya mbele), hukatika nyuzi za ndani na ganda likabaki zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Dawa ni kukata waya kama sentimita 10 chini ya nobu na kuweka soketi ndogo ya pini mbili, ifichwe chini ya ngozi ya gia. Funga nobu kwanza waya ukiwa huru, kisha ndipo uchomeke. Kama hutaki kuukata, usokote kinyume na upande wa kukazia kwa idadi ileile ya mizunguko kabla ya kuanza, ili ufunguke wenyewe nobu inapoingia.

Nobu za bushi zina ubaya mwingine. Waya hupita kati ya bushi na liva, na skrubu ikikazwa juu yake inaukata ganda. Liva nyingi ni chuma kinachogusana na bodi, kwa hiyo waya wa moto ukiigusa unapiga shoti. Chonga mfereji wa milimita 1.5 hivi kwenye bushi kwa tupa ndogo, kwenye nafasi iliyo kati ya skrubu mbili, na ulaze waya humo. Ukimaliza kukaza, pima kwa multimita kati ya waya wa moto na liva, soketi ikiwa haijachomekwa: mita isionyeshe muunganiko wowote.

Usibadilishe waya huo kwa mnene. Watu wengi hufanya hivyo wakidhani wanaimarisha, lakini LED hizi hutumia miliampea 10 hadi 60 tu. Waya mwembamba kabisa unaubeba umeme huo bila shida. Kinachoua waya hapa ni kupindwa mara kwa mara, na waya mnene mgumu hukatika mapema zaidi. Tafuta waya laini wenye ganda la silikoni na nyuzi nyingi ndogo ndani, wa milimita za mraba 0.14 hadi 0.25. Uteremshe ukiwa umeshikana na liva mpaka kwenye egemeo lake chini, mahali ambapo mwendo ni mdogo kabisa, uache kitanzi hapo, ndipo uuelekeze kwenye konsoli. Ukiuruhusu utoke juu ya liva moja kwa moja kwenda pembeni, kila unapobadilisha gia unavutwa. Pima urefu liva ikiwa kwenye gia iliyo mbali zaidi, kisha ongeza sentimita 5. Taa inayozima kwenye gia fulani tu, tuseme ya pili na ya nne, inakuambia kwamba waya umekatika ndani au umevutika kupita kiasi.

Umeme uchukuliwe wapi? Mahali pa karibu ni balbu ndogo ya sigara laita au ya kibweta cha majivu, ambayo huwaka pamoja na taa za dashibodi. Washa taa ndogo: waya wa moto uonyeshe volti 12 hivi, na ukizima ushuke hadi sifuri. Hapo weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa nobu, karibu kabisa na maungio. Karatasi nyingi za maelekezo haziitaji fyuzi hii, na hilo ni kosa kubwa la bidhaa. Kwenye magari mengi taa za dashibodi na taa ndogo za nyuma zinatumia fyuzi moja. Nobu ikipiga shoti usiku, gari linakwenda bila taa za nyuma na dereva hajui.

Usichukue umeme kwenye nyaya zenye soketi au ganda la njano. Hizo ni za mikoba ya hewa (airbag), na kifaa chake cha kuiongoza mara nyingi kiko chini ya konsoli hiyohiyo. Toa waya hasi wa betri na usubiri dakika chache kabla ya kufungua chochote hapo.

Kuhusu hasi, wauzaji wengine husema uifunge kwenye liva yenyewe. Usifanye. Liva hukaa kwenye bushi za plastiki na mpira, na mguso wake na bodi hubadilika gia inapotembea, ndiyo maana taa hupepesa. Tafuta boliti ya chuma inayoshika konsoli kwenye bodi, kwangua rangi, funga hapo, na upime hadi hasi ya betri: isizidi omu 1. Kuna magari ambayo kidhibiti cha mwanga wa dashibodi kiko upande wa hasi. Kwenye hayo, ukiunga hasi ya nobu pamoja na ya balbu, nobu itafifia pamoja na dashibodi. Ukiipeleka kwenye bodi, itawaka kwa nguvu zote daima.

Kabla ya kuunga lolote, hakikisha nobu ina resista (kipunguza umeme) ndani, kwa sababu zipo zinazouzwa bila. Iunganishe na betri ya gari kupitia resista ya kilo-omu 1, kisha pima volti kwenye nyaya mbili za nobu. Kwa nobu ya LED moja nyeupe au ya bluu, volti 3 hivi maana yake hakuna resista ndani. Volti 6 au zaidi, ipo. Isiyo nayo ukiiunga moja kwa moja inaungua papo hapo. Hesabu ni nyepesi: injini ikiwaka umeme hufika volti 14.4, LED inachukua 3.2, zinabaki 11.2. Resista ya omu 560 itatoa miliampea 20, lakini itabeba wati 0.22, na ile ya robo wati itakuwa moto. Kilo-omu 1 inatoa miliampea 11 na kubeba nusu ya uwezo wake tu. Mimi ningechagua hiyo, kwa kuwa mwanga mkali karibu na goti unachosha macho usiku.

Zile za kuchaji kwa USB zinakwepa nyaya zote hizi, lakini zina betri ya lithiamu ndani ya kibonge kinachopigwa na jua kwenye gari lililofungwa. Betri hiyo huchoka haraka kwa joto, na nyingi haziwezi kufunguliwa ili ibadilishwe. Sizipendekezi.

Kwa gari la otomatiki ambalo nobu yake ina kitufe cha kufungulia gia, nobu isiyo nacho haifai kabisa. Na kama liva ina kitufe cha O/D (overdrive, cha kuruhusu au kuzuia gia ya juu), nyaya mbili zinazopanda ndani yake si za taa. Zisiguswe wala zisitumike kupata umeme wa nobu. Zikigusana au kukatika, giaboksi inaweza kubaki bila gia ya juu, au kitufe kikaacha kufanya kazi.