Kozi ya kompyuta kwa wanaoanza: nilifundishwa kufungua kazi yangu, sikuambiwa inakaa wapi

Nimechelewa kuandika maoni haya kwa sababu kila nilipoketi kuyaandika hasira ilinitangulia. Miezi kadhaa iliyopita nilijiunga na kozi ya kompyuta ya watu wasiojua chochote, nikaimaliza, nikapewa cheti, na kabla wiki haijaisha nikagundua kwamba wasifu wa marehemu mama yangu, nilioupiga chapa darasani ukurasa kwa ukurasa, haupo tena.

Siku za mwanzo, mkufunzi alipoona tunahangaika kutafuta faili zetu ndani ya folda, alimwekea kila mmoja wetu alama kwenye skrini ya mwanzo, akasema tubofye hapo tu, mengine tusijisumbue nayo. Pembeni mwa alama ile palikuwa na kimshale kidogo ambacho hakuna aliyetueleza maana yake. Siku ya mwisho tuliambiwa tunakili kazi zetu kwenye flashi. Nilinakili alama yangu, nikaibandika, nikaiona kwa macho yangu imekaa ndani ya flashi, kisha nikaichomoa flashi kwa utaratibu uleule tuliofundishwa. Nilipoifungua kwenye kompyuta nyingine nikaambiwa kwamba kitu kinachotafutwa hakionekani.

Nilichobeba hakikuwa wasifu. Ilikuwa njia ya mkato, yaani kifaili kidogo kinachohifadhi anwani tu ya mahali faili halisi ilipo kwenye kompyuta ileile ya darasani. Ni sawa na kunakili namba ya nyumba ukidhani umehamisha nyumba yenyewe. Ishara zilikuwepo kwa anayejua kuzisoma: ukubwa wake ulikuwa kilobaiti 2, ilhali picha moja iliyopigwa kwa simu, na wasifu ule ulikuwa na picha nyingi, huwa na megabaiti kadhaa, yaani maelfu ya kilobaiti. Dakika moja ya kutuonyesha mahali pa kuangalia ukubwa wa faili ingetosha, lakini tulitumia vipindi viwili vizima kupamba vichwa vya habari kwa rangi.

Nilirudi mbio. Kompyuta zilikuwa zimesafishwa kwa ajili ya kundi jipya, na mkufunzi, bila hata kunyanyua macho, akanijibu mbele ya wanafunzi wapya: “Mama, hilo hata mtoto analijua. Mshale si uliuona?” Mshale niliuona. Niliuona kila siku, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeniwekea. Mtu anayekuficha mahali kazi yako inapokaa, kwa kisingizio cha kukurahisishia, hana haki ya kukushangaa unapoipoteza.

Hapo nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila ninayemfahamu asikanyage mahali pale. Kilichonizuia ni fundi wao, kijana aliyenifuata mlangoni akaniomba nisubiri. Alinieleza kwamba faili ikifutwa, hata pipa la taka likimwagwa, maandishi hayatoweki papo hapo kwenye diski za zamani zinazozunguka. Kompyuta huondoa jina kwenye orodha na kuihesabu nafasi ile kuwa tupu, nayo maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski mpya zisizozunguka zina desturi ya kusafisha nafasi hiyo mapema, kwa hiyo ukongwe wa mashine zile ndio ulioniokoa. Baada ya muda mrefu alipata nakala ambayo programu ya uandishi ilikuwa imejihifadhia yenyewe siku kadhaa kabla. Akanionyesha namna ya kuuliza kompyuta faili ilipo, akanitahadharisha kwamba kinachofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipiti kwenye pipa la taka, na akanisihi niwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mbali na nyumbani. Alinifundisha mengi kwa saa moja kuliko kozi nzima, na hakuniita mtoto.

Nikiwa mkweli, kozi ile imenipa kitu: leo naandika kwa vidole vyote, na maoni haya nimeyapiga mwenyewe. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya fundi yule, nilitaka kusema kwamba inafaa, mradi uende na maswali yako na usikubali alama yoyote kabla ya kuonyeshwa folda iliyo nyuma yake.

Lakini nakala iliyopatikana inaishia kabla ya sura ya mwisho, ile ya siku za mama hospitalini, niliyoiandika nikilia huku nikijifanya nina mafua. Nimejaribu kuiandika upya mara mbili na maneno hayaji yalivyokuja. Mkufunzi aliposikia kwamba kuna nakala iliyopatikana alisema tu, “Basi si umeshapata?” Niliwaomba waongeze somo moja la mahali faili zinapokaa, nimeulizia tena juzi kwa mwanafunzi wa kundi la sasa, na amenieleza kwamba siku ya pili waliwekewa alama kwenye skrini, zenye kimshale pembeni. Kwa hiyo hapana, msiende.